Je, watengenezaji wa gemu wamefika mwisho wa PS4? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa wachezaji na wenye mabanda ya gemu wa Mtwara Mjini, Mikindani, Masasi, Newala, Lindi, Nachingwea na kwingineko Kusini. Kila toleo jipya la mpira likitoka swali linarudi: mashine ya PS4 (PlayStation 4 ya Sony) imeishiwa nguvu, watengenezaji wameitupa, au ni hii yangu tu iliyochoka? Majibu yanachanganya yote matatu, kwa sababu mbele ya TV dalili zake hufanana.

Tuanze moja kwa moja: wamefika mwisho wa PS4 au bado?

Upande wa prosesa na diski, wamefika, tena siku nyingi. Upande wa chipu ya picha, bado kuna nafasi ya kubana hapa na pale.

Mwisho wa mashine si ukuta mmoja. Kuna prosesa inayoendesha akili za wachezaji, mpira na foleni za magari. Kuna chipu ya picha inayochora. Kuna kumbukumbu, kuna njia ya data kati ya kumbukumbu na chipu, na kuna diski. Kimoja hujaa kabla ya vingine, na kikijaa hicho, ziada ya wenzake haisaidii. Jahazi likishajaa shehena, huongezi abiria kwa hoja kwamba tanga bado lina upepo.

PS4 ilitoka Novemba 2013 ikiwa na kumbukumbu ya GB 8 aina ya GDDR5, njia ya data ya GB 176 kwa sekunde na chipu ya picha ya teraflopu 1.84 (hesabu trilioni 1.84 kwa sekunde). Kwa wakati ule hiyo ilikuwa mizani nzuri. Prosesa yake ndiyo ilikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza: koo 8 (vitengo vya kufanyia hesabu ndani ya prosesa) za Jaguar, familia iliyobuniwa kwa kompyuta ndogo za bei ya chini, zikienda GHz 1.6. Diski yake ni ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika. Hapo ndipo PS4 ilipobanwa kwanza.

Watu husema PS3 haikuwahi kutumika yote. Ni kweli?

Nusu kweli, na nusu hiyo ina mambo matamu.

Prosesa ya PS3, Cell, ina koo kuu moja ya GHz 3.2 na vichakata vidogo vinavyoitwa SPE. Kwenye chipu viko 8, ila kimoja huzimwa kiwandani ili chipu zenye kasoro ndogo zisitupwe, na kingine huchukuliwa na mfumo wa mashine. Gemu inabaki na 6. Kila SPE ina kumbukumbu yake binafsi ya KB 256 tu. Haiwezi kuchungulia kumbukumbu kuu yenyewe: programa lazima aikatie kazi vipande vidogo, avilete, vikimaliza avirudishe. Asipopanga vizuri, SPE zinakaa bure huku koo kuu ikihema.

Ndiyo maana gemu nyingi za mwanzo zilizotengenezwa kwa mashine mbili zilionekana hafifu kwenye PS3 kuliko kwenye Xbox 360, ambayo ina koo tatu za kawaida na MB 512 za kumbukumbu zisizogawanywa. PS3 nayo ina MB 512, lakini nusu ni ya prosesa na nusu ya chipu ya picha, kwa hiyo upande mmoja ukijaa huazimi kirahisi kutoka upande wa pili.

Baadaye watu walijifunza. Kwenye God of War III ya 2010, kazi ya kulainisha kingo za picha ilitolewa kwenye chipu ya picha ikapewa SPE. Battlefield 3 ya 2011 ilizipa SPE sehemu ya hesabu za mwanga. Kufikia 2013, The Last of Us na GTA V zilikuwa zinatembea kwenye mashine ileile ya 2006. Kwa hiyo SPE zilikuja kutumika sana na timu chache, na kidogo na timu nyingi. Kilichokuwa kimejaa kwa wote ni zile MB 512. Hakuna ujanja wa SPE unaoongeza kumbukumbu.

Kwa nini gemu za mwisho za mashine hupendeza kuliko za mwanzo, na chipu ni ileile?

Kwa sababu kinachotumika ni muda wa fremu (picha moja kati ya zile zinazopita haraka kuonyesha mwendo), na muda huo unaweza kugawanywa kwa akili au ovyo. Gemu ya fremu 30 kwa sekunde ina milisekunde 33.3 za kumaliza kila kitu: kusoma padi, kuamua adui afanye nini, kuchora, kutoa sauti. Gemu ya fremu 60 ina milisekunde 16.7. Ukizidisha milisekunde moja, fremu inachelewa na macho yanaona.

Teraflopu 1.84 ukizigawa kwa fremu 30, kisha kwa pikseli 2,073,600 za picha ya 1080p, unapata karibu hesabu 29,600 kwa kila pikseli katika kila fremu. Kwa nadharia tu, maana chipu hukaa ikisubiri data mara nyingi. Sasa ukitaka picha ya 4K kwa fremu 60, fungu la pikseli moja linashuka hadi kama 3,700. Mashine haijabadilika. Ulichobadilisha ni idadi ya midomo kwenye sinia.

Miaka inavyokwenda, watengenezaji wanajua kipi kisichorwe. Kilicho nyuma ya ukuta hakichorwi. Mti wa mbali unapewa umbo la pembe chache. Ukali wa picha unashushwa kwa sekunde moja wakati wa mlipuko, kisha unarudishwa kabla hujagundua. Kwenye PS4 Pro, gemu nyingi huchora nusu ya pikseli kwa mpangilio wa draftiboda na kukisia nusu iliyobaki kutoka fremu iliyopita.

Ukitaka mfano unaoujua, iwashe GTA San Andreas kwenye PS2. Mashine hiyo ina MB 32 za kumbukumbu kuu na MB 4 za picha, kiasi ambacho leo hakitoshi kufungua picha moja kubwa ya simu. Mji mzima hauingii humo. Kinachofanyika ni kuusoma mji kutoka kwenye DVD kipande kwa kipande kadiri unavyoendesha. Ukungu wa mbali unaficha ambacho hakijafika. Aina za magari barabarani ni chache kwa wakati mmoja kwa sababu kumbukumbu haibebi nyingi, ndiyo maana ukipanda gari la nadra unaanza kuyaona ya aina hiyo kila kona. Na diski yenye mikwaruzo inafanya barabara ikose chini ya magurudumu: kipande kilichelewa kusomeka.

Mtengenezaji anajuaje kwamba amefika mwisho?

Anapima. Vifaa vya kutengenezea gemu huonyesha kila kazi imekula milisekunde ngapi kwenye kila koo na kwenye chipu ya picha. Chipu ya picha ikimaliza kwa milisekunde 20 na prosesa kwa 33, kupunguza vivuli hakutamsaidia, inabidi apunguze watu barabarani.

Tofautisha na kukosa muda. Studio yenye tarehe ya kutoa gemu haitafuti asilimia 5 iliyojificha kwenye chipu, inatafuta gemu isikwame. Gemu nyingi mbovu unazozilaumu kwa "mashine ndogo" ziliishiwa miezi ya kazi.

Nikiwa nyumbani, nitajuaje ni kipi kimejaa?

Angalia gemu inakwama wapi.

Ikiwa inalegea kwenye moshi, mvua, majani mengi au milipuko iliyokaribia skrini, ni chipu ya picha. Ikiwa inalegea sokoni penye watu wengi au kwenye vita vya maadui 20, hata ukigeuza kamera utazame ukuta, ni prosesa. Ikiwa inakwenda vizuri ukitembea kwa miguu lakini ukiendesha kwa kasi nyumba zinachelewa kutokea, au nyuso zinakuwa kama udongo kisha zinapata sura baada ya sekunde mbili, ni diski. Ikiwa inaanza vizuri na kuharibika baada ya saa tatu, kisha kupona ukiizima na kuiwasha, mara nyingi ni gemu yenyewe inayovujisha kumbukumbu.

Jaribio la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote: cheza sehemu hiyohiyo kwenye PS4 ya mwenzako. Ikikwama palepale, ni kazi ya watengenezaji. Ikikwama kwako tu, soma swali linalofuata.

Kushusha TV kutoka 1080p hadi 720p kwenye PS4 ya kawaida hakuongezi kasi karibu kamwe. Gemu inachora ileile, inapunguzwa mwishoni tu.

PS4 yangu inakwamakwama, ya mwenzangu haikwami. Nianzie wapi?

Anzia kwenye diski. Diski ya miaka kumi iliyokaa kwenye banda linalotikisika, umeme ukikatika mara kwa mara, huwa na sehemu zisizosomeka vizuri. Mashine hurudia kusoma mara nyingi, na wewe unaona gemu imeganda.

1. Hakikisha kuna nafasi. Sasisho la PS4 hunakili gemu upya kabla ya kufuta la zamani, kwa hiyo acha nafasi tupu inayolingana na gemu lako kubwa kabisa.

2. Zima kabisa, si kulaza. Bonyeza kitufe cha kuwasha bila kuachia hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde 7. Unganisha padi kwa waya (bila waya haikubali hapa), bonyeza kitufe cha PS, kisha chagua namba 5, ya kujenga upya orodha ya data. Haifuti gemu wala sevu (hatua ulizohifadhi kwenye gemu).

3. Ikiendelea, badilisha diski. Inatakiwa ya inchi 2.5, SATA, unene usiozidi milimita 9.5. SSD (diski isiyozunguka) ya GB 500 inatosha banda la gemu nne au tano.

Kwanza hamishia sevu kwenye flashi. Kwenye PS4 nene, telezesha pembeni kile kifuniko cha juu upande wa kushoto. Skrubu kubwa yenye alama za PlayStation ndiyo inayoshika kitoroli cha diski. Kwenye Slim na Pro, ng'oa kifuniko kidogo cha nyuma. Kitoroli kina skrubu 4, na hizo hulika haraka ukitumia bisibisi isiyo saizi yake.

Mfumo unapakuliwa kwenye tovuti ya PlayStation, faili la kusakinisha upya, lenye takriban GB 1. Faili la sasisho la kawaida ni dogo zaidi na halitafanya kazi kwenye diski tupu. Hapa ndipo wengi hupotezea bando. Flashi iwe FAT32 au exFAT, ndani yake folda PS4, ndani ya hilo folda UPDATE, na faili liitwe PS4UPDATE.PUP, herufi kubwa zote. Ingia tena kwa mlio wa pili, chagua namba 7.

SSD itaniongezea fremu?

Hapana. Itapunguza kusubiri na kuondoa ile hali ya nyumba kuchelewa kutokea. Fremu zinazoshuka kwa sababu ya prosesa zitashuka vilevile. Kwa banda linalolipisha kwa muda, hata hivyo, kusubiri kukipungua mteja hanung'uniki.

Joto la huku kwetu linapunguza kasi ya mashine?

Hili ndilo kosa linalosemwa zaidi, hata na mafundi. Simu na kompyuta mpakato hupunguza kasi zikipata moto. PS4 haifanyi hivyo: mwendo wa chipu umefungwa. Ikipata moto feni inapiga kelele, ikizidi inatoa onyo kwenye skrini, ikizidi zaidi inajizima. PS5 mwendo wake hubadilika, hadi GHz 3.5 kwa prosesa na 2.23 kwa chipu ya picha, lakini unabadilika kulingana na uzito wa kazi, si hali ya hewa. Mbuni wake mkuu, Mark Cerny, alilieleza hilo wazi Machi 2020: mashine ya nchi ya baridi na ya nchi ya joto ziende sawa.

Kwa hiyo ikilegea bila kujizima, usikimbilie pesti (ile krimu inayotoa joto kwenye chipu).

Joto linafupisha maisha ya mashine, hilo ni jambo jingine. Sony imeandika mazingira ya kufanyia kazi kuwa nyuzi 5 hadi 35. Banda la bati pale Mtwara, wakati wa kaskazi, saa nane mchana, TV nne zimewashwa, linavuka 35 bila shida. Acha sentimita 10 nyuma na pembeni mwa mashine, usiiweke kwenye sanduku la mbao, na ipandishe juu ya meza, maana vumbi zito hutembea chini. Waliopo Newala na Masasi wana vumbi jekundu. Waliopo Shangani na Mikindani wana kitu kibaya zaidi: hewa ya chumvi, inayokula pini za HDMI na chuma cha ndani polepole huku mashine ikionekana safi kwa nje.

Nisafishe vipi, na mara ngapi?

Kwenye banda, kila miezi mitatu vumbi, kila miaka miwili pesti. Nyumbani, mara mbili kwa mwaka vumbi, na pesti pale kelele isipopungua baada ya kusafisha.

PS4 nene inafunguliwa kwa Torx T8 yenye tundu katikati, skrubu 4 za nyuma, baadhi zikiwa chini ya vibandiko. Ukishatoa kisanduku cha umeme, utaliona hitisinki (chuma cha kupoozea chipu) na mapezi yake. Puliza kutoka upande wa mapezi, si wa feni. Shika feni kwa kidole unapopuliza: feni inayozungushwa kwa upepo mkali inaweza kuzalisha umeme wa kurudi kwenye ubao na kuharibu beringi zake.

Pesti: futa ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya dukani ya asilimia 70 ina maji, ukiitumia subiri ikauke kabisa. Weka pesti kiasi cha punje ya mbaazi katikati ya chipu. Ukijaza zaidi inamwagika pembeni na haipoozi chochote. Kibano cha chuma kinachoshika hitisinki kazia kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, chipu inakaa mshazari na mashine itajizima ndani ya dakika kumi. Zile pedi laini za joto zilizo juu ya vipande vidogo usizitupe wala usiziache sakafuni zikaokota mchanga.

PS5 ni hadithi nyingine. Vifuniko vyake vinatoka kwa mkono, na kuna matundu mawili ya kukusanyia vumbi unayoweza kuyafyonza. Ishia hapo. Chini ya hitisinki hakuna pesti, kuna metali ya kimiminika, inayopitisha umeme na inayokula alumini. Tone moja likienda mahali pasipo pake, mashine imekwisha.

Umeme mdogo unaipunguzia mashine nguvu?

Hapana. Kisanduku cha umeme cha PS4 na PS5 hupokea volti 100 hadi 240 na kutoa kiwango kilekile ndani. Ama inafanya kazi, ama inazima. Kinachoua ni umeme kurudi kwa kishindo, na kinachoharibu data ni kukatika katikati ya kuandika kwenye diski. UPS (betri inayoshikilia umeme ukikatika) ya VA 650 inaibeba PS4 Slim (chini ya wati 100 kwenye gemu nyingi) na TV ya inchi 32 kwa dakika kadhaa, muda wa kutosha kuhifadhi na kuzima vizuri.

Tahadhari kwa mashine za mtumba kutoka Marekani au Japani: soma kibandiko cha nyuma. PS2 nene za huko na kisanduku cha umeme cha Xbox 360 ya Marekani ni za volti 100 au 120 tu. Ukichomeka kwenye 230 zinafuka moshi mara moja.

Mbona mpira wa PS4 si sawa na wa PS5, na jina ni moja?

Kwa sababu ni gemu mbili ndani ya jina moja. FIFA 22, ya 2021, ilileta HyperMotion, mfumo wa mienendo ya wachezaji uliotokana na kurekodi wachezaji 22 wakicheza mechi kamili wakiwa wamevaa mavazi ya vihisi. Uliwekwa kwenye PS5 na Xbox Series, PS4 ikabaki na injini ya zamani.

Hapo prosesa ya Jaguar ina sehemu ya lawama: kuendesha mienendo mingi ya watu 22 ndani ya milisekunde 16.7 si kazi ndogo. Lakini sehemu nyingine ni hesabu ya biashara, na ushahidi uko kwenye PS3. Matoleo yake ya mwisho, yaliyoitwa Legacy Edition, yalibadilishiwa jezi na vikosi huku uchezaji ukiachwa kama ulivyo, hadi FIFA 19 ilipofunga ukurasa. PS2 nayo ilipata FIFA hadi ya 14. Mashine haikufika mwisho wa uwezo hapo, ilifika mwisho wa kushughulikiwa. Mwenye banda asiyetaka kulipia jezi mpya anaweza kubaki na toleo la zamani miaka miwili mitatu bila mteja wa PS4 kukosa kitu cha maana.

Cyberpunk 2077 ilithibitisha kwamba PS4 imekwisha?

Ilithibitisha kwamba gemu iliyobuniwa kwa mashine kubwa haibanwi dakika za mwisho. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na wiki moja baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao. Ikarudi Juni 2021. Mji ulikuwa unahitaji kusomwa kwa kasi ambayo diski ya PS4 haina. Marekebisho yaliipunguza makali, lakini nyongeza yake ya 2023, Phantom Liberty, haikuletwa kabisa kwenye PS4.

Linganisha na God of War Ragnarök ya Novemba 2022, inayokwenda kwenye PS4 ileile. Hiyo ilipangwa kwa diski ya kuzunguka tangu mwanzo. Kila unapompenyeza mhusika kwenye ufa mwembamba wa mwamba, polepole, ujue diski inahangaika kusoma eneo linalofuata.

Kwa nini gemu moja inakula GB 100?

Picha kubwa na sauti za lugha nyingi, kwanza. Pili, kwenye diski ya kuzunguka, kichwa cha kusomea huchukua muda kuruka kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo kitu kinachotumika kila mtaa hunakiliwa mara nyingi ili kiwe karibu. Kwenye Spider-Man ya PS4 ya 2018, kwa maelezo ya Cerny, vitu kama masanduku ya barua vilirudiwa kama mara 400.

Diski ya PS4 husoma MB 50 hadi 100 kwa sekunde; kwa gemu ya fremu 30 hiyo ni kama MB 2 hadi 3 kwa fremu. SSD ya PS5 husoma GB 5.5 kwa sekunde, kama MB 183 kwa fremu. Hapa ndipo PS5 ilipoiacha PS4 mbali, kuliko kwenye picha zenyewe.

Kwa mtu wa bando: GB 100 kwa kasi ya Mbps 10 isiyokatika ni saa 22. Nunua diski ya dukani inapowezekana, upakue sasisho tu.

Switch ya Nintendo ina nguvu ndogo. Iliwezaje kuendesha The Witcher 3?

Kwa kukata. Ukali wa picha ulishushwa sana, majani yakapunguzwa, na yote yakaingizwa kwenye katriji ya GB 32 mwaka 2019. Gemu iliyobanwa na chipu ya picha hupunguzika. Iliyobanwa na prosesa au kumbukumbu hugoma, kama Baldur's Gate 3 ilipofika Xbox mwishoni mwa 2023 na kukosa kugawanya skrini kwenye Series S yenye GB 10, wakati Series X iliweza.

Na PS5, imefika mwisho?

Kwenye mwanga wa kufuatilia miale, imekaribia: chipu yake ya teraflopu 10.28 inaumwa na kazi hiyo, na gemu nyingi huchora chini ya 4K kisha kukuza. PS5 Pro ya Novemba 2024 ilikuja na teraflopu 16.7 na ukuzaji wa picha kwa akili bandia, lakini prosesa ni ya familia ileile. Gemu inayokwama kwenye PS5 kwa ajili ya prosesa, Pro haitaiponya sana.

Naweza kuisukuma PS4 yangu izidi uwezo?

Hapana. Kwenye Pro tu, washa Boost Mode kwenye mipangilio ya mfumo. Gemu za zamani ambazo hazikuwahi kusasishwa kwa ajili ya Pro hutulia zaidi, hasa zile zilizokuwa zikiyumba chini ya 30.

Nanunua PS4 ya mtumba msimu huu wa korosho. Nikague nini?

Usinunue kwa kuona menyu. Menyu haichoshi mashine.

Njoo na diski yako ya gemu nzito. Iingize na kuitoa mara tatu, maana kinu cha kumeza diski hufa mapema kwenye mabanda. Cheza dakika 30 bila kusimama, nyingi kati ya hizo ukiendesha gari kwa kasi kama gemu inaruhusu: ni jaribio la diski, chipu na joto kwa pamoja. Sikiliza feni, mlio wa juu unaopanda dakika tano za kwanza ni vumbi au pesti, na hilo linatengenezeka, lakini likupunguzie bei. Tikisa waya wa HDMI kwa upole. Picha ikipotea, tundu limelegea au limeliwa na chumvi, na kulibadilisha ni kazi ya fundi mwenye hita ya hewa na mkono mtulivu. Chungulia skrubu za nyuma kwa tochi ya simu: kutu ya kahawia au ukijani inasema mashine imeishi karibu na bahari bila kufunikwa.

Muulize muuzaji kama ubao uliwahi kuchomwa kwa hita. Ubao uliochomwa hurudi kwa wiki kadhaa kisha hulala tena, na PS3 nene nyingi sokoni ziko kwenye wiki hizo. Mwisho, mwambie afute akaunti yake mbele yako na mashine iwashe upya hadi skrini ya lugha kabla hujatoa hela.